Kamba ya Parachuti Hufumuliwa kwa Mikono Iliyokufa Ganzi

Wewe uliyevaa bangili ya kamba mkononi, ya kijani cha jeshi, ukajiona umeshakuwa komando, nikuulize: umewahi kuifumua? Sisemi kuivua ukaoge. Nasema kuifumua, kamba yote ikalala mbele yako kama nyoka aliyeshiba. Kama hujawahi, basi umevaa pambo. Sina ugomvi na mapambo, hata mimi nimetoboa masikio. Ila usiende nalo msituni ukawaambia wenzako kwamba kamba unayo.

Nimesuka na kuuza kamba ya parachuti pale sokoni Nakivubo tangu mama zenu wakibebwa mgongoni. Shule niliiacha mapema. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya, mikono yangu ilikuwa mizuri, nikaifuata mikono. Sasa nimestaafu, nakaa Kyebando, na magoti yananiambia mvua inakuja kabla ya redio. Wajukuu wananiita Jaja, kama bibi yeyote wa Kampala, na mtaa mzima unaniita Jaja Kamba. Jina hilo nalipenda sana. Kuna watu wamejenga ghorofa mtaani kwetu na hakuna aliyewapa jina.

Maneno haya ni yenu mnaotaka kuishika kazi hii, na yenu nyinyi wengine mnaotaka tu kupanda mlima na kurudi na vidole vyote. Nitawaeleza kamba yenyewe. Nitawaeleza pia jinsi nilivyotafuta mtu wa kumwachia meza yangu, na jinsi yule niliyemtaka alivyokaribia kuikosa.

Mimi ni mtoto wa kambi, nimezaliwa kwenye nyumba za askari Makindye. Baba alitoka Arua na buti, mama alitoka Arua na chungu, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kupigiana kelele kutoka mlango hadi mlango. Kamba ya parachuti ilikuwa kila nyumba. Parachuti likizeeka hakuna tena anayeruka nalo, linakatwakatwa, na siku hizo mabaki yaligawanywa kama nyama ya sikukuu. Neti ya mbu ilining'inia kwa kamba hiyo. Mbuzi alifungwa kwa kamba hiyo. Mshipi wa baba ulipokatika alifunga suruali kwa kamba hiyo, akaendelea kuifunga hivyo mpaka mama akamnunulia mshipi mpya kwa aibu.

Aliyenifundisha ni Sajini Adriko, mzee mstaafu aliyekuwa na kibanda cha kushona mahema na mabegi karibu na nyumba zetu. Ujanani kazi yake ilikuwa kukunja parachuti ambalo mtu mwingine ataruka nalo. Hebu fikirieni kazi hiyo. Ukikosea, uliyemkosea harudi kukulalamikia. Kwa hiyo mzee hakuwa na haraka na kitu chochote duniani, hata chai aliinywa kama anaikagua. Alinichukua nikiwa nimeolewa juzijuzi. Mume wangu akamuuliza, "Sajini, umeona nini kwa huyu?"

"Ana mdomo mwingi," akajibu, "lakini vidole vyake vinanyamaza."

Nilinuna kwa siku kadhaa, halafu nikaona kumbe ni sifa.

Somo la kwanza alinipa kisu na kipande cha kamba, akasema kata. Nikakata. Akaniambia nichungulie ndani. Kamba hii ina ganda na ina utumbo. Ganda la nje limesukwa, ndani mna nyuzi saba nyeupe, na kila uzi umesokotwa kwa nyuzi nyingine ndogo zaidi. Ukizichomoa, ganda linabaki tupu kama ngozi ya soseji, na bado linafunga mzigo. Uzi mmoja wa ndani unashona begi lililochanika au unavua samaki. Ukiuchambua na huo, unapata nyuzi za kushonea kifungo.

"Usidhani umeshika kamba," akaniambia. "Umeshika duka."

Alinieleza pia ilikotoka. Zamani maparachuti yenyewe yalikuwa ya hariri, na hariri inatoka kwa viwavi, na kiwavi hajui kwamba kuna vita na watu wana haraka. Vita vya pili vya dunia vilipofika hariri ikawa shida kupata, basi wakageukia nailoni, kitambaa na kamba zake. Sasa askari akishatua salama, ile kamba iliyomshikilia hewani imemaliza kazi. Lakini yeye yuko porini, mvua inamnyeshea, kamba ya buti imekatika, mzigo unadondoka. Atafanya nini? Anatoa kisu. Hapo ndipo kamba ya parachuti ilipoanza maisha ya pili, na hakuna mkubwa aliyetoa amri. Vita vikaisha, mabaki yakauzwa, wavuvi na wapanda milima wakayadaka. Nasikia hata wale wanaokwenda juu kabisa kwa roketi, kupita mawingu, wamewahi kufungia vitu vyao nayo. Sishangai. Mtu akiwa mbali na kwao anataka kamba.

Lakini msidhani inafaa kila mahali. Mke wa koplo mmoja, jirani yetu, alichoka na kamba ya katani inayochafua nguo. Akavuta kamba ya parachuti uani kutoka nguzo hadi nguzo, akaikaza mpaka ikawa inalia kama gitaa. Akaanika mablanketi ya nyumba nzima na sare za mumewe, akaenda sokoni kwa raha zake. Nailoni ikilowa na kubebeshwa uzito inanyooka. Aliporudi, mablanketi yalikuwa yamekaa kwenye matope na kuku wamekaa juu ya mablanketi. Koplo akasimama pale akitazama sare yake.

"Si tuliambiwa kamba hii inamshika mtu mzima?"

Sajini Adriko akamjibu kutoka kibandani bila kuinua kichwa. "Inamshika kwa sababu inanyooka. Isingenyooka, ungefika chini kiuno kimekatika. Mke wako hakukosea kamba, amekosea kazi."

Kwa hiyo wewe uliyefunga hema lako jioni likakaza vizuri, mvua ikianza usijifunike ukalala. Toka nje ukakaze tena.

Sajini alipofariki nilihamia Nakivubo, nikapata meza kati ya muuza mabegi na Mama Akinyi, Mkenya wa Kisumu anayeuza juisi baridi. Kamba za kambini zilikuwa zimekwisha. Zikaja za kontena, za rangi zote, pinki, zambarau, zingine za madoa kama chui aliyechanganyikiwa. Wateja wangu wa Kiganda walikuwa wanaziita za palasuti, na mimi nikawauzia za palasuti. Zingine zilikuwa nzuri kweli. Zingine zilikuwa ganda zuri, ndani sufi, kama mto wa kulalia. Nikajifunza kutembea na kiberiti. Unakata ncha, unachomoa utumbo, unauunguza. Nailoni inayeyuka, inafanya tone, na tone likipoa linakuwa gumu kama ukucha. Ikiwaka na kuacha majivu kama karatasi, umeuziwa pamba.

Kuna mwenye mzigo mmoja alinikamata mkono. "Nyabo, mama yangu, unaniunguzia mali."

"Sebo, bwana wangu," nikamwambia, "bora ilie hapa mikononi mwangu kuliko mteja alie nayo huko msituni." Alinitukana, kisha akaniletea ile nzuri aliyoificha chini.

Hapa sasa nisikilizeni bila kucheka. Kamba hii si ya kupandia wala ya kumshushia mtu mwambani. Ni nyembamba, itakukata viganja. Na nailoni ikisuguana na nailoni inapata joto, inayeyuka na kukatika. Hata unaweza kukatia kamba nyingine namna hiyo ukikosa kisu, unasugua tu kama unakata sabuni. Yule askari wa angani hakushikwa na kamba moja, alishikwa na nyingi pamoja. Anayekuambia utaning'inia kwa bangili yako, huyo hakupendi. Wewe funga kamba kati ya miti miwili, tupia turubai juu, hapo una paa. Mguu wa mwenzako ukivunjika, vijiti viwili na kamba, lakini usikaze mpaka vidole vibadilike rangi. Chakula kitundike tawini mbali na shina, nyani aende akawasimulie wenzake. Ganda lifunge buti. Hizo ndizo kazi zake.

Na yote hayo yanataka kwanza kamba iwe imefumuka, iko mkononi. Ndipo tunafika kwenye barafu.

Ujanani Sajini Adriko aliwahi kupanda milima ya Rwenzori na wenzake. Sisi wa Kampala tukisikia Uganda tunawaza jasho, lakini kule juu kuna theluji. Alisema vidole vyake viligeuka vikawa kama ndizi za mtu mwingine. Aliviona, hakuvisikia. Fundo alilolifunga mwenyewe asubuhi likamshinda, akalipigia magoti kama analiomba msamaha. Tangu hapo aliweka sheria kibandani. Yeyote anayesuka kwake, kabla kazi yake haijauzwa, atatumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji ya barafu mpaka ife ganzi, kisha aifumue kazi hiyo hiyo. Bila kisu, bila meno. Ukishindwa unasuka upya, na hakuna anayeruhusiwa kukucheka isipokuwa yeye.

Niliichukua sheria hiyo nikaenda nayo Nakivubo, barafu nikipewa na Mama Akinyi. Nimewapitisha wasichana wengi kwenye ndoo ile. Wengine walikimbilia saluni, ambako maji ni ya moto.

Scovia ni binti wa binti yangu. Mimi naswali, yeye ni wa kanisani, maana baba yake ni polisi, Mkatoliki wa Gulu. Idi na Krismasi kwetu sufuria ni ile ile. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kujikunja kama tangawizi, nikawa natafuta mtu wa kumwachia meza. Binti zangu walikataa. Mmoja alisema kamba inamkumbusha mbuzi. Muuza mabegi alikuwa ananiambia kila mwezi, "Jaja, siku ukichoka niachie mimi nipanue." Scovia peke yake ndiye aliyeitaka.

"Jaja, hiyo meza ni yangu," alisema.

"Ukipita ndoo."

"Ndoo? Jaja, tuko Kampala. Barafu ni ya soda."

Na huyo mtoto alikuwa anajua kusuka. Bangili zake zilibana kama magamba ya nyoka, hata maji hayapiti. Ncha aliziyeyusha, akazibandika na gundi, akazing'arisha. Wanafunzi walizigombania, vijana wa boda walitaka rangi za timu zao. Zilikuwa nzuri kuliko zangu, na sioni haya kusema. Nikiishika moja najivuna. Nikijaribu kuifumua natukana kimoyomoyo.

"Hii haifunguki," nilikuwa namwambia.

"Nani anafungua, Jaja? Wanavaa."

Mama Akinyi alikuwa upande wake. "Wacha mtoto auze, Jaja. Watu wanapenda kitu inang'aa. Wewe unataka kuwauzia mazoezi."

Nikamwacha auze bila ndoo, ila meza sikumpa. Aliuza kwa mkono wake, lakini ilikuwa bado yangu.

Siku moja akaja Mbusa. Mbusa anaongoza waelekezi na wapagazi kule Kasese, wanaowapandisha wageni Rwenzori, na watu wake wote walikuwa wananunua kwangu. Hao ndio walioipa meza yangu heshima. Mara ya mwisho alikuwa amenunua siku ambayo mimi sipo. Akasimama mbele yangu bila salamu.

"Mama, unaona nini hapa?" Akafungua mdomo.

"Naona shimo," nikasema. "Safari iliyopita ulikuwa nalo?"

"Safari iliyopita nilikuwa na jino."

Mama Akinyi aliweka jagi chini ili acheke vizuri. Mbusa akatoa bangili, ile ya magamba, ncha yake imetafunwa kama muwa, akaiweka mezani. Walikuwa juu, alisema, yeye na mgeni mmoja mama mtu mzima, wapagazi wametangulia. Mvua ya barafu ikawakuta, wakasimamisha hema dogo, upepo ukang'oa kamba zake upande mmoja. Akakumbuka kamba iko mkononi. Vidole vimekufa. Gundi imegeuka jiwe.

"Na kisu?" nikauliza.

"Kisu kiko kwenye mzigo, mzigo uko mbele. Nikatumia jino, jino likashindwa. Hema likatushinda, likashuka bondeni peke yake. Nikamkumbatia yule mama chini ya mwamba mpaka watu wangu waliporudi kututafuta. Alikuwa ameanza kuniambia anasikia joto. Mama, mtu wa baridi akisema anasikia joto, hapo unaanza kumwomba Mungu."

Mama Akinyi hakucheka tena. Nikamuuliza kama yule mgeni alipona, akasema alipona na alishafika kwao. Kisha akagonga bangili kwa kidole.

"Nani alisuka hii?"

Nilijua. Hata muuza mabegi alijua. Sikumtazama Scovia, nikatazama kamba zangu, nikisubiri. Kama angeinamisha kichwa akakaa kimya, nisingempa ile meza hata angenilipia safari ya Makka.

"Ni mimi," akasema.

"Una mkono mzuri."

"Pole kwa jino."

"Meno ninayo mengine," Mbusa akasema. "Mgeni nilikuwa naye yule mmoja."

Akaeleza anachotaka. Bangili kwa watu wake wote, zinazofumuka kwa mikono iliyokufa. Basi lake la kurudi lilikuwa kesho yake mchana, na kabla ya kulipanda angepita. Ikifumuka, ataendelea kununua kwetu. Ikigoma, ameaga. Alipoondoka nikamwambia Scovia la kwangu.

"Kesho ndiyo ndoo yako. Mbusa akituacha, mimi sina sababu ya kubaki hapa kuuza mapambo. Muuza mabegi atapanua."

"Sawa, Jaja." Hakubisha hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko angebisha.

Mchana wote alikaa na ndoo. Kwanza akasuka bila gundi, kwa mtindo wangu, ule wa Sajini, mafundo yamelegea kidogo. Akatumbukiza mikono, akaitoa, akaanza kufumua. Fundo, fundo, fundo. Midomo ilimtetemeka. Ilifumuka, sikatai, lakini Mama Akinyi aliuza jagi zima la juisi kabla hajamaliza.

"Jaja," akasema akijipulizia vidole, "hii yako inafumuka. Lakini mtu atakuwa ameshakufa."

Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Wasichana wangu wote walipita ndoo kwa sababu niliwapa muda, na mlima haumpi mtu muda. Sajini alitufundisha kufumua. Hakutufundisha kufumua upesi. Mtindo wetu ulikuwa unaiva polepole kama maharage.

Scovia akainuka akaenda kukaa mbele ya duka la sukari, amejikunyata, mikono kwapani. Pale dukani kuna mpakuzi, mtu mzima mnene, anayefungua magunia kutwa. Mnajua mdomo wa gunia unavyoshonwa, ule uzi wa mnyororo, kitanzi kinaingia ndani ya kitanzi. Ukishika ncha sahihi ukavuta mara moja, trrr, mdomo wote uko wazi. Wengine nyumbani mnaukata kwa kisu na kuchana gunia, lakini yule alikuwa anavuta huku anazungumza na mtu mwingine, wala hatazami. Scovia alimwangalia akifungua la kwanza na la pili. La tatu akamwomba amwachie avute mwenyewe. Akarudi mbio, uzi wa gunia mkononi, sukari kwenye viatu.

"Jaja, nipe kamba ndefu. Na usinitazame."

Nikageuza kiti. Nilijua nikitazama nitasema, na nikisema itakuwa kazi yangu.

Kesho yake Mbusa alifika na begi lake la safari mgongoni. Mama Akinyi alileta barafu mwenyewe, bila kuombwa, akasema ya leo ni bure lakini lazima aone. Muuza mabegi naye akasogea, kama mtu anayepima ukuta. Scovia akaweka bangili mezani. Ilikuwa pana, imelala vizuri, inashikwa na kitanzi kimoja kilichovishwa kwenye kifungo cha mti. Mbusa akatumbukiza mikono.

"Kwetu maji haya tunaogea," akasema. Baadaye akaacha kusema.

Alipoitoa ilikuwa imepauka. Akaichukua bangili, akasukuma kitanzi kikatoka kwenye kifungo, akashika mkia mmoja kati ya miwili iliyotokeza, akavuta. Ikakaza. Akavuta tena kwa nguvu. Ikakaza zaidi. Nikasikia maji yakidondoka kutoka vidoleni mwake hadi mezani.

"Siyo huo," Scovia akasema polepole. "Ni ule mwingine."

Mbusa akaiweka chini. "Binti yangu, kule juu sitakuwa na wewe wa kunionyesha ule mwingine."

Muuza mabegi akakohoa. Mimi nikajishika mdomo kwa mkono, kweli kabisa, kama mtoto. Scovia alikuwa akiitazama ile bangili kama mama anavyomtazama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. Kisha akachukua sindano. Akachomoa nyuzi za ndani kwenye ile ncha ya uongo, akaikata fupi, akairudisha ndani ya ganda, akaipitisha chini ya vitanzi na kuishona humo ikapotea kabisa. Aliusuka mnyororo upya, akauvisha kifungo. Sasa ulikuwa na mkia mmoja tu, na mwisho wa mkia akaunguza tone nene kama punje ya hindi, ili hata kidole kisichosikia kigonge kitu.

"Mtu aliyepigwa baridi hawezi kuchagua," akasema. "Nimempa kitu kimoja cha kuvuta."

Hilo liandikeni ukutani, nyinyi mnaotaka kazi hii. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuliwaza, wala Sajini hakuliwaza.

Mbusa akatikisa kichwa. "Mimi nimeshaishika. Ajaribu ambaye hajaigusa kabisa. Na afumbe macho, maana theluji ikikupiga usoni huoni."

Wote wakanitazama mimi.

"Vidole vyangu ni vibovu hata bila barafu," nikasema.

"Ndiyo vizuri, Jaja," Mama Akinyi akasema. "Ikifunguka kwako, itafunguka hata kwa kuku."

Nikakunja mikono ya gauni, nikatumbukiza. Wanangu, baridi ile inaingia kwenye mfupa inakaa kama imelipa kodi. Kwanza vidole viliuma, kisha viliwaka, kisha vikaondoka, nikabaki na viganja tu. Nikafumba macho. Scovia akanivisha bangili ili niwe kama niko safarini. Nilitaka ifunguke, na nilikuwa na hasira kwamba nataka sana hivyo. Nikasukuma kitanzi kwa mzizi wa kidole gumba, kikatoka. Nikapapasa. Kitu kigumu kikanigonga kiganjani. Kukibana kwa vidole sikuweza, kwa hiyo nikakibana kati ya kiganja na paja, nikauvuta mkono mwingine nyuma.

Trrr.

Nilipofungua macho, kamba yote ilikuwa mapajani mwangu, na Mbusa ameshashusha begi chini.

"Nisukie za watu wangu wote," akamwambia Scovia. "Basi liende, nitapanda la jioni."

Muuza mabegi akarudi kwenye mabegi yake. Scovia hakupiga kelele wala hakunikumbatia. Alivuta kamba, akakaa, akaanza kusuka, na Mbusa akakaa kando akimwambia ukubwa wa mkono wa kila mtu wake. Mama Akinyi akaniletea mimi chai ya moto nishike kikombe, nikakaa kwenye kiti cha wateja kwa sababu kile changu kilikuwa kimekaliwa.

Akaja kijana mmoja mwenye kofia, akatazama kamba zilizotundikwa, akatutazama sisi. "Mwenye meza ni nani hapa?"

Nikafungua mdomo kujibu, kama nilivyojibu miaka yote. Nikaufunga. Nikanywa chai yangu, na kwa kikombe nikamwonyesha Scovia.